Karatasi za Emin Pasha

Juma hili nazungumzia karatasi.

Daktari Eduard Schnitzer, mzaliwa wa Silesia mwaka 1840, alihama kwao akawatumikia Waturuki, kisha serikali ya Misri, akajulikana kama Emin Pasha. Mwaka 1890 aliajiriwa na Wajerumani, na Novemba mwaka huo akaanzisha boma la Bukoba, magharibi ya ziwa letu. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, hilo tusilifiche. Lakini popote alipopiga kambi aliandika: hali ya hewa, ndege, lugha za wenyeji, na mambo yake mwenyewe.

Aliuawa mashariki ya Kongo Oktoba 1892. Shajara zake ziliokoka, zikafika Ujerumani, na Franz Stuhlmann, aliyesafiri naye, akazichapisha kuanzia 1916.

Zina faida gani? Kipimo cha kudumu cha maji ya Ziwa Viktoria kilianza 1896 tu, upande wa Uganda. Habari za kabla ya hapo wataalamu huzitafuta katika maandishi ya wasafiri. Na ziwa hili halina mzaha: lilifurika miaka ya 1960, likafurika tena 2020, likawafuata watu majumbani.

Sisi je? Hapa Mwanza nimeuziwa karanga zilizofungwa kwa kurasa za daftari la mvua. Maandishi ya mgeni yamehifadhiwa. Ya karani wetu tumefungia karanga.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ziwa nalo ni mali.