Fedha Iliyogeuka Pambo: Wafua Fedha wa Kinavajo

Katika Kiswahili neno fedha hubeba maana mbili: madini meupe yang'aayo, na sarafu tunazonunulia mahitaji yetu. Ni nadra kuziona maana hizo mbili zikikutana mkononi mwa fundi mmoja. Zilikutana kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, na historia yao yafaa kutafakariwa nasi walimu wa lugha.

Wanavajo walikuwa wafugaji wa kondoo na wafumaji hodari. Ufuaji wa madini hawakuurithi kwa mababu. Fundi wao wa kwanza akumbukwaye ni Atsidi Sani, yaani Mhunzi Mzee, aliyejifunza kufua chuma kwa fundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu hadi Bosque Redondo, wakazuiliwa huko miaka minne kwa njaa na maradhi. Waliporejea kwao mwaka 1868, mashamba na mifugo yao mingi ilikuwa imeteketezwa. Ndipo kazi ya fedha ilipoenea miongoni mwao. Atsidi Sani aliwafundisha wanawe, nao wakawafundisha wengine.

Mali ghafi yao ilikuwa sarafu. Dola za Marekani na peso za Meksiko ziliyeyushwa, zikafuliwa kwa nyundo au kumiminwa katika kalibu za jiwe laini, zikawa bangili, vifungo na mikufu. Karibu na mwaka 1880 wakaanza kupachika feruzi, jiwe la samawati wanaloliheshimu sana. Pambo likawa pia akiba ya nyumba: lilivaliwa siku za sherehe, na siku za dhiki liliwekwa rehani dukani hadi msimu wa kuuza manyoya ya kondoo.

Ujuzi huo haukukaa mahali pamoja. Wanavajo waliwafundisha majirani zao Wazuni. Nao Wazuni, wajuzi tangu kale wa kupanga vipande vya mawe juu ya makombe, wakaitia fedha njumu ya mawe. Kila kipande hukatwa kwa kadiri ya nafasi yake, hugandishwa, kisha husuguliwa hata uso wote uwe sawa. Baadaye mafundi wa Kinavajo nao wakaishika kazi hiyo.

Kisha reli ikaleta watalii. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey ilianza kuagiza vito vyepesi vya kuwauzia wasafiri. Viwanda vikafuata, vikiiga kwa mashine. Sheria ya mwaka 1990 yakataza kuuza kitu kwa jina la wenyeji wa asili ilhali si kazi ya mikono yao. Hata hivyo, vya bandia vingali vikiuzwa.

Je, sanaa iliyoanza kwa kujifunza kwa mgeni yaweza kuitwa yao? Twajibu: naam. Kiswahili nacho kililipokea neno fedha kutoka Kiarabu, wala hatuoni haya kuliita letu. Kupokea si sawa na kughushi. Apokeaye hujifunza, hutaabika, huongeza chake. Aghushiye huchukua jina tu. Tofauti hiyo na tuwafundishe wanafunzi wetu.