Tairi Moja: Historia ya Vituko Visivyo na Breki

Haya wadau, leo madesa yapumzike kidogo. Wiki hii kimbwetani ubishi ulikuwa mmoja tu: kwamba historia ni vita, mikataba na marais, na anayeandika historia ya baiskeli ya tairi moja hana kazi ya kufanya. Mie niko upande wa tairi moja. Nasema hivi: ukitaka kujua watu wa zama fulani walikuwa wanaogopa nini na walikuwa wanafungiwa milango gani, angalia walivyokuwa wanacheza. Twende taratibu, halafu mtanipinga.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1870 fundi wa Coventry, James Starley, na mwenzake William Hillman walipata hataza ya baiskeli ya chuma waliyoiita Ariel. Hiyo ndiyo iliyofungua njia ya zile baiskeli tunazoziona kwenye picha za zamani, tairi la mbele kubwa kupita kiasi, la nyuma kama sahani. Waingereza wakazipachika jina la sarafu zao mbili, peni na fadhingi, moja kubwa na nyingine ndogo. Kwa nini tairi kubwa hivyo? Kwa sababu hakukuwa na cheni. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye tairi la mbele, yani ukizungusha pedeli mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja. Ukitaka mwendo, dawa ilikuwa kukuza tairi mpaka mguu wako ushindwe kufika. Mengine yalifikia kipenyo cha karibu mita 1.5.

Tatizo ni kwamba mwendeshaji alikaa karibu juu kabisa ya ekseli. Akigonga jiwe, au akikaba breki kwa pupa, tairi la nyuma linanyanyuka na yeye anatangulia kichwa. Watu waliumia, na wapo waliokufa. Ila kati ya kunyanyuka na kuanguka kuna kadakika kadogo sana ambapo mtu yuko juu ya tairi moja tu. Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu asili ya baiskeli ya tairi moja ndiyo haya: kuna waliogundua kwamba kale kadakika kanaweza kurefushwa, wakakafanyia mazoezi, na mwisho wakaona lile tairi la nyuma halina kazi. Wakalifungua, wakalitupa. Kitu kilichokuwa ajali kikawa mchezo wa jukwaani.

Mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, akaleta baiskeli ya Rover, yenye cheni na matairi yanayokaribiana ukubwa. Hiyo ndiyo babu wa baiskeli zote tunazozijua, hata ile ya muuza maziwa. Tairi kubwa likafa barabarani. Ila lilimwachia mdogo wake wa jukwaani urithi mmoja, nao ndio siri ya vituko vyote vinavyofuata: pedeli zimeshikana na tairi moja kwa moja. Huwezi kuacha kukanyaga ukateremka bure. Tairi likienda, miguu inaenda. Ukirudisha miguu, tairi linarudi. Baiskeli ya kawaida haiwezi hivyo.

Sasa vituko vyenyewe. Chukua ufagio, usimamishe kwenye kiganja, mti juu. Ukitaka usianguke inabidi kiganja kiukimbilie kule unakoelemea, si ndiyo? Basi mwendeshaji wa tairi moja ndiye ufagio, na tairi ndilo kiganja. Akielemea mbele, anakanyaga ili tairi limfuate. Akielemea nyuma, anakaza miguu.

Kituko cha kwanza kinachoheshimika ni kusimama sehemu moja, na hapo wengi wanadanganyika. Hakuna anayesimama kweli. Anapeleka tairi mbele nusu mzunguko na kulirudisha nyuma nusu mzunguko, kama mama anayebembeleza mtoto. Ukiweza hilo, unajaribu kwa mguu mmoja, mwingine umeuegemeza kwenye fremu. Halafu unaenda kinyumenyume. Halafu unachomoa siti chini yako na kuishika mbele kwa mkono huku umesimama juu ya pedeli. Halafu, kwa wenye roho ngumu, unaacha pedeli kabisa, unaweka nyayo juu ya tairi lenyewe na kulisukuma kwa hatua fupi fupi, hatua ya kushoto, hatua ya kulia, kama unatembea juu ya pipa linalobingirika. Na kuna chombo kingine ambacho ni tairi na pedeli tu, hakina siti wala fremu. Hicho sikisemei sana.

Nikasema historia, sasa nileteeni jina kubwa. Sawa. Wale wa uhandisi na kompyuta mnamjua Claude Shannon, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1948 nadharia ya kihisabati ya mawasiliano. Kila ujumbe unaotuma leo umepita kwenye kazi yake. Mzee huyu, alipokuwa maabara za Bell, alikuwa akipita kwenye korido juu ya baiskeli ya tairi moja huku akirusha na kudaka mipira. Si hadithi ya vijiweni, ni jambo linalojulikana kwa wote walioandika maisha yake. Na hakuishia kuendesha. Alijitengenezea baiskeli kadhaa za tairi moja za vipimo tofauti, na mojawapo ekseli yake haikuwa katikati ya tairi, kiasi kwamba ukiendesha unapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Baadaye, akiwa MIT, aliandika hesabu ya urushaji mipira, akihusisha idadi ya mipira na mikono na muda ambao mpira unakaa hewani na mkononi. Nani kati yetu angemwambia aache utoto akasome?

Ila stori inayonikaa rohoni ni ya New York. Mtaa wa Bronx, miaka ya 1960. Mzee mmoja mweusi, Jerry King, alikuwa akifundisha vijana wa mtaani kuendesha tairi moja, na wao wakachanganya na mchezo waliokuwa wakiupenda kuliko yote, mpira wa kikapu. Fikirieni kiufundi. Ukidunda mpira unaelemea upande. Ukitaka kurusha golini lazima usimame, na nimeshasema kusimama kwenyewe ni kupeleka tairi mbele na nyuma. Ukikabwa huna mguu wa kuweka chini. Yani kila kitendo cha kikapu kilibidi kibuniwe upya.

Mwaka 1968 vijana hao, King Charles Troupe, walionyesha mchezo wao mbele ya bosi wa sarakasi kubwa kuliko zote Marekani, Ringling Bros. and Barnum & Bailey. Walionyeshea wapi? Kando ya barabara, nje ya ukumbi wa Madison Square Garden. Wakachukuliwa, na mwaka 1969 wakawa kundi la kwanza la Wamarekani weusi watupu kwenye sarakasi hiyo. Angalieni mwaka tena: 1968 ndio mwaka aliouawa Martin Luther King, mwezi wa nne. Miji mingi ilikuwa imetoka kuwaka moto. Na hapo vijana weusi wanaingia ukumbini kupitia mlango wa mbele kwa tairi moja na mpira wa kikapu. Sisemi kwamba mchezo ulimaliza ubaguzi, haukumaliza. Nasema walikuta mlango umefungwa, wakaleta kitu ambacho sarakasi yenyewe haikuwa nacho, na mlango ukafunguliwa. Hiyo kama si historia, basi sijui mnasoma nini huko.

Tuhamie Japani. Huko kilichokuwa kituko cha mchekeshaji kikawa somo. Mwaka 1989 wizara ya elimu ilitoa mwongozo wa elimu ya viungo uliotaja baiskeli za tairi moja, na shule za msingi nyingi zikawa nazo uwanjani, mtoto anachukua wakati wa mapumziko kama sisi tulivyochukua kamba ya kuruka. Wanaopenda zaidi ni wasichana. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1982, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yakafanyika Syracuse, New York, mwaka 1984. Toka hapo Wajapani wamekuwa tishio, hasa kwenye vituko vinavyochezwa kwa muziki. Hakuna muujiza hapo. Wengine wanaanza wakubwa, wao wanaanza wakiwa shule ya msingi.

Wengine nao walichoka sakafu laini. Huko Alaska, George Peck alikuwa akipanda mawe na magogo ya pwani kwa tairi moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoka video yake. Mkanada Kris Holm, ambaye kazi yake ni jiolojia, akapeleka mchezo milimani mpaka Bhutan. Vijana wa mjini wakaazima mbinu za ubao wa magurudumu. Kituko chao maarufu ni hiki: unaruka na baiskeli, ukiwa hewani unaipiga pedeli kwa mguu ili tairi lizunguke mzunguko mzima, halafu unatua nyayo zote mbili juu ya pedeli. Ukikosea, pedeli inakutana na ugoko. Wengi wao wana makovu, na wanayaonyesha kwa fahari.

Wapenda rekodi nao wana yao. Tairi linabaki chini, siti inapelekwa juu, cheni inaunganisha. Oktoba 1980 Steve McPeak aliendesha ya mita 31 huko Las Vegas, akiwa amefungwa waya wa usalama. Januari 2004 Sem Abrahams akaendesha ya mita 35 huko Pontiac, Michigan, kwa umbali wa mita 8.5. Yani urefu wa chombo ni mara nne ya safari yenyewe! Kinyume chake ni Ed Pratt, kijana wa Kiingereza aliyeondoka kwao mwaka 2015 na kurudi 2018 akiwa ameizunguka dunia kwa tairi moja, akichangisha pesa za vifaa vya shule. Huyu wa pili ndiye wangu.

Kwa watakaotaka kujaribu: tafuteni ukuta au uzio wa kushika, uzito uwe kwenye siti na si kwenye pedeli, macho mbele na si chini. Ukianguka, shuka kwa miguu na uiache baiskeli ianguke yenyewe, usiikumbatie. Kofia ngumu na kinga za viganja ni lazima. Na msiruke hatua: kabla hujaweza kusimama kwa kubembeleza tairi, usiguse kingine.

Mwisho, nirudi kwenye hoja. Vijana wa sarakasi wa Kenya na Tanzania wamepanda majukwaa ya Ulaya na Asia kwa miaka mingi, wanalisha familia kwa mchezo. Siku mtu atakapoandika historia yao itabidi aulize maswali yale yale: walifundishwa na nani, mlango gani ulikuwa umefungwa, waliufungua kwa kitu gani. Wale wa historia mnaotafuta mada ya tasnifu mwaka wa tatu, mada hiyo hapo. Wazee wenye kumbukumbu wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewahoji wote.

Nawasilisha. Wabishi tukutane kimbwetani, ila mje na miaka na majina.