Fungu la Mbwa katika Nyika ya Bagamoyo

Zamani, kabla ya kuwako bucha hata moja kati ya Bagamoyo na milima ya Nguu, mbwa wa nchi hiyo alikuwa na fungu lake la nyama mbichi, na fungu hilo lilikuwa na sheria. Aliyedhani kwamba mbwa wa nyika aliishi siku zote kwa mabaki na mapigo tu hakuiangalia historia yake vema. Umaskini wa mbwa ni jambo jipya kuliko mbwa mwenyewe.

Msata iko magharibi ya mji wa Bagamoyo, mwendo wa kiasi cha kilometa 64, mahali ambapo njia itokayo pwani huikuta barabara kuu ya Chalinze na Segera. Ni nchi ya Wakwere, na jirani zao ni Wadoe na Wazigua. Wote hao tangu kale walikuwa wakulima na wawindaji, na sababu ya kuwinda ilikuwa dhahiri: vichaka vya nyika vilijaa mbung'o, na mbung'o hakuruhusu ng'ombe kuwa wengi. Mbuzi na kuku walikuwako, lakini hawa walichinjwa kwa ajili ya mgeni, ndoa au matanga. Aliyetaka nyama aliifuata porini, na aliyekwenda porini bila mbwa alikwenda nusu mtu.

Uislamu ulipoenea kutoka miji ya mwambao hadi vijiji vya bara, ulimkuta mbwa huyu kazini. Watu wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Kwa hukumu hii wengi hudhani kwamba mbwa alifukuzwa kabisa. Sivyo. Sura ya tano ya Kurani imehalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, na wanavyuoni wakaruhusu kufuga mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Sharti lao ni zuri kulitafakari. Mbwa aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, na asile katika alichokamata. Maana akila, amejikamatia mwenyewe, na nyama hiyo si halali tena kwa bwana wake. Mahali palipoumwa huoshwa. Basi mbwa aliyeshika paa akangoja, damu imo kinywani mwake, alikuwa amelinda uhalali wa chakula cha nyumba nzima. Baada ya hapo ndipo alipotupiwa matumbo na mifupa, ikiwa mibichi na ya moto. Ule haukuwa ukarimu, ulikuwa ujira.

Haifai, hata hivyo, kuzisifu siku hizo kupita kiasi. Nyika ilikula mbwa pia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na mbwa mmoja aliyeitwa Omar. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, katika nchi ya Wakwere, siku chache tu baada ya safari kuanza. Omar naye alikufa kabla ya kuiona Ugogo. Mzoga wa farasi mmoja ulizikwa karibu na kambi, na mkuu wa mahali akadai faini ya doti mbili za merikani kwa kuwa ardhi yake ilitumiwa pasipo idhini. Stanley alikisimulia kisa hicho kama kichekesho. Lakini yamkini mkuu yule alikuwa na hoja kuliko mgeni wake alivyotaka kukubali: katika nchi ya wawindaji kila kilichoanguka juu ya ardhi, kiwe kitamu au kinuke, kilikuwa na mwenye kuulizwa.

Miaka 24 baadaye, huko Zululand, daktari Mwingereza David Bruce aliwapeleka ng'ombe na mbwa katika pori la mbung'o, wakaugua, akaona katika damu yao kijidudu kiletacho ugonjwa wa nagana. Mwaka 1897 Mjerumani Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza ng'ombe wenye maradhi ya namna hiyo. Tangu hapo imejulikana jambo ambalo wawindaji waliliona bila kulipa jina: mbwa huweza kuipata nagana hata bila kuumwa na mbung'o, kwa kula nyama mbichi yenye damu ya mnyama mgonjwa aliyekufa punde, hasa mfupa mkali ukimchoma ufizi. Ujira wake wenyewe uliweza kumwua.

Kilichomwondolea mbwa fungu lake lakini si ugonjwa, ni sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama wa porini katika koloni la Wajerumani. Waingereza wakafuata na sheria yao ya 1921, kisha nyingine, na kila moja ilimkaribisha zaidi yule mtumishi wa serikali ambaye watu walimwita Bwana Nyama, jina lenye kejeli kidogo, kwa kuwa nyama ilipata bwana mmoja ambaye hakuwinda. Tanzania huru nayo, katika sheria ya 1974 na ile ya 2009 iliyoshika nafasi yake, ilimhesabu mbwa miongoni mwa vyombo vilivyokatazwa kuwindia, na Saadani, upande wa pwani, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Wanyama walihitaji ulinzi. Hilo halina ubishi. Lakini hakuna sheria hata moja iliyouliza mbwa wa mwindaji atakula nini.

Alikula bucha. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji Wamasai na Wabarabaig walishusha mifugo yao hadi nyika za Bagamoyo, vichaka vikapungua, magari yakazidi, na njia panda za barabara kuu zikapata maduka ya nyama na majiko ya kuchomea. Mtu akaweza kununua nusu kilo bila kumjua mnyama wala mchinjaji. Mbwa, aliyekuwa mshirika, akawa mngojaji wa mlangoni. Na anachotupiwa huko hutegemea kile ambacho mnunuzi hakitaki. Mfupa mbichi si hatari sana kwake. Uliopikwa ndio huvunjika vipande vyenye ncha. Hatari kubwa imo katika pafu na ini vyenye vifuko vya maji, ambavyo mwuza nyama huvikata na kuvitupa kwa haraka, akiona ameepukana na uchafu.

Mwaka 1853 Mjerumani von Siebold aliwalisha mbwa vifuko kama hivyo vya kondoo, kisha akakuta matumboni mwao tegu wadogo wa milimeta chache tu. Mayai ya tegu hao hutoka na kinyesi cha mbwa, huliwa na ng'ombe au mbuzi pamoja na majani, na kuwa vifuko tena. Hufika pia kwa mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa. Kifuko hukua polepole ndani ya ini, labda miaka mingi, mpaka tumbo livimbe na kisu cha daktari kihitajike. Iceland, iliyosumbuliwa mno na maradhi hayo, ilieneza kitabu cha mafunzo nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1860, na sheria ya 1890 ikaamuru viungo vyenye vifuko viteketezwe na mbwa wapewe dawa, maradhi yakatoweka. Afrika Mashariki jina la ugonjwa huo limefungamana na Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako wagonjwa walionekana kwa wingi usio na kifani duniani, na ambako shirika la AMREF lilianza mwaka 1983 kazi ya kuuzuia: kuwapasua wagonjwa, kuwapa mbwa dawa ya minyoo, na kuwaomba watu wasiwatupie mbwa viungo vibichi.

Kusini ya huko, kichaa cha mbwa ndicho kilichopata fedha na kelele. Kuanzia mwaka 2010 mradi mkubwa wa chanjo uliwafikia mbwa wa wilaya nyingi za kusini na mashariki ya Tanzania na wa Pemba, kwa manufaa ya kweli. Tegu haumi mtu hadharani, wala hamfanyi mbwa atokwe na povu. Kwa hiyo husahauliwa. Dhidi yake upo ukaguzi wa nyama tu. Mkaguzi hulipapasa pafu, hulipasua ini, na chenye vifuko hukikataa. Kilichokataliwa hutakiwa kuchomwa moto au kuzikwa kwa kina. Mahali penye machinjio yaliyozungushiwa ukuta kazi hii hutimia. Mahali ambapo mnyama huchinjwa alfajiri chini ya mti, na shimo likachimbwa kwa jembe la mtu mwenye haraka, mbwa hufukua jioni.