Wakfu wa Mtoto Asiyekua

Watu wa pwani tunaujua wakfu: mtu huitoa katika milki yake nyumba au shamba la minazi, akalifunga lisiuzwe wala lisirithiwe, ili pato lake liendelee kuufaa msikiti, mayatima au mafukara hata baada ya mwenyewe kufukiwa. Aghalabu kinachofungwa ni ardhi au jengo. Lakini katika mji wa London iko hospitali ya watoto ambayo kwa miaka mingi imenufaika na pato la kitu kisichoshikika mkononi, nacho ni hadithi ya mtoto aliyekataa kukua. Na hisani hiyo siwezi kuieleza bila kuanzia mbali kidogo, kwa kuwa haikuota jangwani.

Katikati ya karne ya kumi na tisa London ulikuwa mji wenye mali na biashara isiyo kifani, na juu ya hayo haukuwa na hata hospitali moja ya kulaza watoto, ilhali Paris walikuwa na yao tangu mwaka 1802. Hesabu ya mwaka 1843 ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa wapatao 2,400 waliolazwa katika hospitali za mji ule, waliokuwa chini ya miaka kumi walikuwa 26 tu. Na huko makaburini, zaidi ya theluthi ya maiti walikuwa watoto. Wakuu wa hospitali walichelea homa za kuambukiza, na wengi waliitakidi kwamba mtoto mgonjwa hafai kutenganishwa na mama yake, hata kama mama huyo anaishi na ahali yake yote katika chumba kimoja chenye unyevu.

Tabibu Charles West, aliyekuwa akiwatibu watoto wa masikini katika zahanati, alijaribu kuigeuza zahanati ile iwe hospitali, asifaulu. Hakukata tamaa. Tarehe 14 Februari 1852, yeye na wenzake walifungua milango ya nyumba kuukuu katika mtaa wa Great Ormond, nyumba iliyopata kuwa maskani ya Richard Mead, tabibu wa wafalme. Ndani yake mlikuwa na vitanda kumi.

Alilolijua West ni kwamba kitanda hakiuguzi. Mwaka 1854 aliwaandikia wauguzi kitabu kidogo, akawaambia waziwazi kuwa asiyewapenda watoto kwa dhati amekosea kuingia katika kazi hii. Katika maandishi yake aliwafundisha kukisikiliza kilio kama mtu asomaye barua: mtoto mwenye msokoto wa tumbo hulia kwa nguvu na machozi tele, akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena huku akiikunja miguu kuelekea tumboni, bali mwenye maradhi ya mapafu hana machozi, hutoa sauti fupi baada ya kikohozi, akaikatiza kabla haijatimia. Ilimu ya namna hii haipatikani kwa mtumishi wa kuokoteza. Yataka mtu aliyefunzwa, akeshaye wodini usiku, na mtu huyo sharti ale, avae na alipwe. Mishahara ya wauguzi, pamoja na chakula na dawa za wagonjwa, ilitegemea michango ya wenye moyo; michango ikipungua, mtoto hurudishwa mlangoni.

Mwaka 1858 mfuko ulikuwa katika dhiki, na ndipo mwandishi Charles Dickens alipoitwa kuzungumza katika karamu ya kuchangisha fedha, usiku wa tarehe 9 Februari. Hakuwasomea wageni wale orodha ya mahitaji. Aliwasimulia habari za mtoto aliyemwona katika nyumba ya mafukara huko Edinburgh, amelazwa ndani ya kasha la mayai ambalo mama yake aliliomba dukani; amekonda, vikono vyake vya moto vimekunjwa kifuani, na macho yake mangavu yanamkazia mgeni wala hayalii. Fedha zilizopatikana zilifikia kiasi cha pauni 3,000, na mwezi wa Aprili Dickens akasoma hadharani hadithi yake ya Krismasi kwa ajili ya hospitali ile ile. Nyumba ya jirani ikanunuliwa, na vitanda vikaongezeka kutoka 20 hadi 75. Mimi huona kwamba lile kasha la mayai lilizaa vitanda hivyo.

Miaka sabini na moja baadaye, mwaka 1929, hospitali ilitaka kununua ardhi ipanuke, ikamwomba mwandishi J. M. Barrie aingie katika kamati ya uchangishaji. Barrie alikataa kamati, akasema huenda akapata njia nyingine. Na baada ya miezi miwili akaikabidhi hospitali haki zake zote katika Peter Pan, mchezo wa kuigiza wa yule mtoto aliyekataa kukua, ulioanza kuonyeshwa London mwaka 1904. Tangu hapo, kila tamasha lililoonyeshwa na kila nakala iliyouzwa ilipeleka chochote wodini. Barrie alifariki mwaka 1937, na hadithi ikaendelea kuchuma.

Mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilizichukua hospitali, na mishahara ya matabibu na wauguzi ikahamia katika hazina ya taifa. Mtu angeweza kudhani kuwa hapo sadaka imemaliza kazi yake, kumbe yako mambo ambayo hazina huyafikia kwa shida au haiyafikii kamwe: utafiti wa maradhi ya nadra, vyombo vipya, vyumba vya wazazi waliotoka mbali, na watumishi ambao kazi yao ni kucheza na mtoto. Hawa wa mwisho nawataja kwa makusudi. Kumwonyesha mtoto kwa mwanasesere kile atakachofanyiwa kesho katika chumba cha upasuaji, mpaka woga umtoke, ni uuguzi kamili.

Muda wa hakimiliki ulikwisha mwaka 1987, miaka hamsini baada ya kifo cha Barrie, na ule mnazi ukakaribia kukauka. James Callaghan, waziri mkuu wa zamani ambaye mkewe alipata kuiongoza bodi ya hospitali, alisimama katika Baraza la Malodi akaomba sheria irekebishwe. Na sheria ya mwaka 1988 ikaipa hospitali haki ya kulipwa mrabaha wa Peter Pan ndani ya Uingereza pasipo ukomo wa muda. Kwa lugha yetu, Bunge liliuandika wakfu.

Kuhusu kiasi kilichokwisha kupatikana, Barrie aliomba kisitangazwe, kama mtu atoaye kwa mkono wa kulia asitake wa kushoto ujue; na hospitali imelitunza ombi hilo hadi leo.