Haki ya Kusema Hapana

Mwaka ule jumuiya yetu ya programu huria ilinipa kazi iliyokimbiwa na kila mtu: kusimamia uchaguzi wa bodi. Tulikuwa wanachama 36, wengi wetu wakazi wa Dar es Salaam, na hatukuwa tumewahi kupiga kura hata mara moja. Mwenyekiti alikuwa yule yule aliyeianzisha jumuiya. Nafasi nyingine za bodi zilipata wagombea wa kutosha. Yake haikupata mpinzani.

"Dada, we andika tu kwamba nimepita bila kupingwa," aliniambia. "Tutasumbua watu bure."

Kidogo nikubali. Lakini kwa kuwa sikujua uchaguzi unaendeshwaje, nilikuwa nimeanza kusoma jinsi wakubwa wetu wanavyofanya, na niliyemsoma zaidi ni Debian.

Debian ni mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Hauna mmiliki wala bosi anayelipa mishahara. Wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Mwaka 1998 walijiandikia katiba, na tangu hapo kila mwaka wanamchagua kiongozi. Mpiga kura hachagui jina moja. Anawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kila mgombea analinganishwa na kila mwenzake, wawili wawili. Wazo hilo ni la Condorcet, Mfaransa aliyelieleza katika kitabu cha mwaka 1785. Kanuni ya kukokotoa wanayotumia Debian tangu 2003 ilibuniwa na Mjerumani Markus Schulze.

Lakini kilichonifanya niweke simu chini ni mstari wa mwisho wa karatasi yao ya kura. Chini ya majina yote huwa kuna chaguo moja zaidi: hakuna hata mmoja kati ya hawa. Si pambo. Mgombea lazima apate idadi fulani ya watu waliomweka juu ya mstari huo, na idadi hiyo inatokana na kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Mstari huo ukishinda, uchaguzi unarudiwa, hata mara nyingi.

Mwaka 2019 muda wa kujitokeza ulikwisha bila mgombea hata mmoja. Katiba ikaongeza wiki, na wakapatikana. Mwaka 2023 mambo yalikuwa kama kwetu: mgombea pekee alikuwa Jonathan Carter wa Afrika Kusini, aliyekuwa tayari kiongozi. Hakupita bila kupingwa. Watu walipiga kura, yeye dhidi ya ule mstari, naye akashinda.

Jumapili nilikwenda kumwona Babu. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza shida yangu. Akacheka. Yeye alikuwa karani wa kituo cha kupigia kura enzi za chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965. Kura ya ubunge ilikuwa na wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Kura ya urais ilikuwa na Nyerere peke yake, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana.

"Babu, si kila mtu alijua Mwalimu atashinda?"

"Alijua, mjukuu wangu. Na kila safari Hapana zilitoka. Sisi tulizihesabu kwa uangalifu ule ule." Akanyamaza kidogo. "Hapana haikuwa ya kumwangusha. Ilikuwa ya kumjulisha."

Nikarudi nikaandaa kura, na chini ya jina la mwenyekiti nikaweka mstari wa Debian. Kwa kanuni yao, kipeuo cha pili cha 36 ni 6, nusu yake 3, mara tatu ni 9. Alihitaji watu tisa wa kumweka juu ya mstari, na wawe wengi kuliko waliouweka mstari juu yake. Kila mwanachama nilimpa namba ya siri, ili matokeo yakitoka aione kura yake kwenye orodha bila mwingine kuitambua. Hilo nalo niliiga kwao.

Walipiga kura watu 27. Mwenyekiti alipata 16. Mstari ulipata 11.

Usiku alinipigia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinipa shida zaidi. "Dada, niambie tu ni akina nani. Nataka kuongea nao, basi." Faili lililounganisha namba na majina lilikuwa mbele yangu. Ni mtu aliyenifundisha kuandika programu yangu ya kwanza.

Nilikumbuka kwamba Debian wenyewe, katika maamuzi ya pamoja, walikuwa wakitangaza nani kapiga kura gani. Uchaguzi wa kiongozi tu ndio uliokuwa wa siri. Baada ya mjadala mkali wa 2021 kuhusu Richard Stallman, baadhi yao waliogopa kuandamwa kwa sababu ya kura zao. Mwaka 2022 wakaamua kuficha majina.

"Kaka, siwezi," nikasema. Tulipokata simu nikalifuta faili, maana sikujiamini kwamba akinipigia tena kesho nitajibu vile vile.

Kwenye mkutano uliofuata alisimama, akaisoma ile 11 kwa sauti, akauliza kuna nini. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha binti mmoja aliyejiunga miezi michache nyuma akanyoosha mkono, akaanza na habari za fedha za semina. Sijui alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Mwenyekiti alichukua kalamu akaanza kuandika.