Gemu la zamani linataka pedi yake

Wadau, leo tuzungumzie pedi. Wengi tunaiona kama kifaa tu, kumbe kila gemu lilitengenezwa kufuata pedi ya wakati wake. Ukibadili pedi, gemu nalo linabadilika mkononi.

Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo alibuni kitufe cha msalaba kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch. Mwaka uliofuata kikaingia kwenye pedi ya Famicom, ambayo nje ya Japani iliitwa NES, kikiwa na A na B pembeni. Super Nintendo, iliyoanza Japani 1990, ikaja na vitufe vinne usoni na viwili mabegani. Nintendo 64 ya 1996 ikaongeza kijiti.

Kisha 2006 ikatoka Wii, ikiuza magemu ya mashine zote tatu. Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza. Rimoti yake ukiilaza inatosha kwa magemu ya NES. Kwa ya Super Nintendo vitufe havitoshi. Mimi nachukua Classic Controller, maana mpangilio wake ni uleule. Kwa Nintendo 64 nachukua pedi ya GameCube, kijiti chake kiko pale pale kidole gumba kinapotua.

Duka la Wii lilifungwa Januari 2019. Lakini kwa Switch, Nintendo wenyewe walirudisha pedi za NES (2018), Super Nintendo (2019) na Nintendo 64 (2021). Kumbe hatukuwa tunadeka!

Nyie wadau mnatumia ipi?