Mtumishi Anayegombea: Saa za Kazi ni za Nani?

Kila uchaguzi unapokaribia, katika wilaya za Ngara na Biharamulo huulizwa suala lile lile. Katibu wa mbunge au ofisa wa halmashauri anaanza kuzunguka vijijini, Rulenge mpaka Kabanga, Nyakahura mpaka Lusahunga. Safari imeandikwa ya kikazi, mazungumzo ni ya kura. Je, inajuzu?

Hatuzungumzii kutaka uongozi kwenyewe. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba kusimamia hazina, naye Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uamiri, wanazuoni wamezioanisha dalili hizo. Suala letu limo katika mlango wa ijara. Mwajiriwa wa muda maalumu, ajiir khaas, ameshauza muda wake. Akiutumia kwa haja zake bila idhini, anakula ujira asioufanyia kazi. Gari na mafuta ni wazi zaidi, hatuna haja ya kurefusha.

Lenye uzito ni heshima ya cheo. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alitenga fungu, akadai ni zawadi yake. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji: kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi zingemfuata? Na huyu katibu anayeshangiliwa Nyakahura, je, wanamshangilia yeye, au matumaini ya fedha za Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009?

Hata hivyo, si kila anayemzuilia mtumishi siasa ana haki. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining iliwapiga marufuku watumishi wake Waafrika kujiunga na TAA. Katazo lile liliwagusa makarani wa kila boma, Ngara na Biharamulo zikiwemo, na wala halikuwa la kulinda amana: lilikuwa la kufunga midomo. Wenye azma waliacha mishahara. Nyerere aliacha ualimu Pugu (shule ya misheni, si ya serikali) Machi 1955. Rashidi Kawawa aliacha utumishi wa serikali mwaka 1956, ndipo akaingia TANU. Baadaye, katika chama kimoja, 1965 hadi 1992, mpaka kati ya ofisi na chama ulififia, na mazoea hayo hayajatutoka.

Lakini si kila mtu ni Kawawa. Kumtaka mwalimu wa Ngara mwenye watoto sita ajiuzulu kwanza ni kuwaachia uwanja wenye maduka na malori. Rai yetu ni likizo bila malipo, kwa idhini ya maandishi, tangu siku anapoanza kuomba kura, si siku ya kuchukua fomu. Akabidhi gari, mihuri na mafaili. Akishindwa, apangiwe kazi mbali na kata alikoomba kura, kwani mama aliyemnyima kura yake atarudi dirisha lile lile kutafuta barua ya utambulisho wa mwanawe.